Shangazi, nasoma meseji zake na yeye hajui

Shangazi habari, pole na kazi. Mimi kijana wa miaka 27, fundi simu hapa Busia upande wa Uganda, kimeza changu kiko njia ya kwenda Sofia. Nasoma majibu yako kitambo tu na kucheka shida za wenzangu, sikujua siku moja na mimi nitaandika, ila sasa imenifika shingoni.

Nina mpenzi. Tulianza mwezi wa kumi mwaka jana, alileta simu ya kioo kilichopasuka, nikamtajia bei akasema fundi hiki ni kioo cha simu ama dirisha la nyumba. Kesho yake akarudi bila simu, ndo ikaanza. Tumekaa vizuri miezi mitano alafu visa ikatoka, akaenda Dubai kazi ya sekyuriti, mkataba miaka miwili. Hakunificha, nilijua anafuatilia, lakini mimi moyoni nilikuwa nasema hawa wa kampuni za Kampala wanakula tu pesa za watu haitatoka. Ikatoka.

Nilimsindikiza mpaka Entebbe. Kwenye teksi tuliongea Busia mpaka Iganga, tulipovuka lile daraja jipya la Jinja akanyamaza. Pale Namawojolo wale wauzaji walikuja mbio na vijiti vya kuku dirishani, nikamnunulia gonja mbili, zile ndizi za kuchoma, akala moja, ya pili akaifunga kwenye kitambaa akasema hii nitakula huko. Sijui kama ilifika.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Alafu wakampa shifti ya usiku, anasimama masaa 12 mlangoni kwenye jengo la watu matajiri, akirudi chumba wanalala wanane vitanda vya juu na chini. Simu za WhatsApp huko hazipigiki, tukaweka app ya Botim lakini neti inakata kata, mara nasikia nusu ya neno. Basi tukabaki kuandikiana. Namuona yuko onlaini saa tisa usiku na mimi hajanijibu tangu jioni, hapo silali tena. Na nisikufiche, sasa anapata pesa kuliko mimi, na yeye anajua na mimi najua.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya miguu yake imevimba, viatu vimeacha mstari hapa kwenye kifundo. Nikaangalia hiyo picha, miguu yote miwili iko kitandani, imepigwa kutoka juu, nikamuuliza nani amekupiga picha. Akajibu "mimi mwenyewe". Akanyamaza siku mbili.

Sasa Shangazi kuna kitu. Wakati namuwekea kioo kipya kabla hajasafiri, niliunganisha WhatsApp yake na kompyuta yangu ya kazini. Nilitaka kujaribu tu kama... hapana nisikudanganye, nilijua nafanya nini. Miezi minne nasoma. Sijakuta mwanaume. Nimekuta ada ya mdogo wake, nimekuta mama yake wa Malaba analia kioo cha simu yake kimekufa nusu, picha za mtoto wake anaona kipande. Na juzi nikakuta ameandikia rafiki yake hivi, "Nilimtumia miguu nikitaka tu aniambie pole, akaniuliza nani ameipiga. Nimechoka na huyu polisi." Nilikuwa nimeshika pasi ya kuchomea, nikaisahau mpaka ikaunguza meza, mteja ndo akanishtua.

Nataka kumuomba msamaha lakini nikimuomba atauliza nimejuaje. Na tena naomba uniambie ukweli, penzi la miezi mitano linaweza kushika miaka miwili? Marafiki wanasema achana naye, Busia wasichana wamejaa. Lakini mimi nampenda.

Fundi, Busia

*

Fundi mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitaka nipande teksi nije nikupige kofi hapo hapo kwenye kimeza, na mara ya tatu nikaona kitu ambacho nadhani wewe mwenyewe hujakiona, nitakifikia.

Kwanza inuka uende kwenye hiyo kompyuta, logauti. Usiniambie kesho, na usiniambie acha nisome mara ya mwisho. Wewe fundi unajua kabisa simu yake ikikaa siku 14 haijatumika ile kompyuta inatoka yenyewe, lakini binti yuko kazini usiku na simu ndo rafiki yake, haitakaa siku 14, kwa hiyo mlango umeufungua wewe na wewe ndo wa kuufunga. Nenda. Mimi nangoja.

Haya. Sasa tuongee.

Unaniuliza utaombaje msamaha bila yeye kujua umejuaje. Hilo swali limenishangaza kuliko yote. Ile picha si ulitumiwa wewe? Na lile swali la nani amekupiga, si limetoka kwenye simu yako? Akanyamaza siku mbili nzima. Yaani mpaka usome alichomwambia rafiki yake ndo ujue umemuumiza? Msamaha wa miguu ungeuomba siku ile ile, ulikuwa hauhitaji upelelezi wowote.

Na ngoja nikae kidogo kwenye hiyo miguu maana naona watu hamuelewi. Wewe kazi yako ni ya kukaa kwenye stuli. Mimi niliolewa na askari, nimekanda miguu na maji ya moto ya chumvi miaka mingi, najua mguu uliosimama usiku kucha unafananaje, unabonyeza na kidole shimo linabaki. Hakuna mwanamke anatuma mguu wa hivo kwa mtu anayemringia! Picha za kuringa unazijua, zina taa nyuma na nywele zimetengenezwa. Mguu umevimba unatumiwa mtu wa ndani, mtu ambaye huoni haya akikuona hivo, na huko aliko kwenye chumba cha watu wanane wewe ndo ulikuwa huyo mtu. Alitaka pole. Pole ni herufi nne, haimalizi bando.

Sasa kile kitu cha mara ya tatu. Umesoma simu ya mtu miezi minne, mchana na usiku, hukukuta mwanaume. Hata mmoja. Na bado silali, na bado yuko onlaini na nani, na bado nani amepiga picha. Mwanangu wewe labda ndo mwanaume pekee Uganda nzima mwenye ushahidi kwamba mpenzi wake hana mtu, na wivu bado uko pale pale. Hiyo inatakiwa ikwambie kwamba dawa ya wivu wako haiko kwenye simu yake, ungekuwa umepona zamani. Nadhani iko kwenye ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka, kwamba sasa anapata kuliko mimi. Hauogopi ataenda na mtu. Unaogopa atarudi amekuzidi akuangalie wewe na kimeza chako aone umekuwa mdogo. Hilo ni jambo la kuongea, ata wanaume wakubwa linawatesa, lakini lisemwe kwa jina lake, lisivalishwe nguo ya "uko na nani".

Na hizo pesa usizihesabu sana. Najua huko Busia mnakaa mnapiga hesabu, dirham moja ni kama shilingi elfu moja yetu hapa na pale, mnazidisha mnaona utajiri. Hamtoi deni alilokopa kupata hiyo safari, hamtoi ada ya mdogo wake ambayo wewe umeisoma kwa macho yako. Na kama anapitishia kwako hela za mama yake, acha, zimwendee mama moja kwa moja, aone na kutoa mwenyewe na ile kodi ya nusu asilimia ya mobile money aikasirikie mwenyewe, wewe usiwe katikati.

Sasa la kumwambia. Najua kuna watakaokushauri ulogauti ukae kimya, kwamba penzi bado changa halibebi mzigo kama huo. Mimi nakataa na nitakwambia kwa nini.

Mimi mtoto wa baraksi, hiki Kiswahili changu ni cha Rubongi pale Tororo, ndo maana Waganda wananicheka. (Na vijana wanaoniandikia kwa aibu wakisema senga, yule shangazi wa Kiganda anayefunda, ni wa wasichana, mimi sijawahi kusema ni senga, mimi ni shangazi tu wa kila mtu.) Mzee wangu, huyo mume askari, tulikuwa na miezi sita akapelekwa Moroto. Simu hakuna. Barua ilikuja kwa mkono wa askari anayekuja likizo, unaweza kungoja miezi miwili. Siku moja ikafika moja bahasha imefunguliwa, na huyo aliyeileta ananiangalia anatabasamu. Ndani mzee alikuwa ameandika kwamba usiku anaogopa, kwamba kuna usiku anakaa macho anasikiliza tu mbwa. Askari mzima na bunduki. Alikuwa ameniandikia mimi. Huyo mtu akaisoma, akawahadithia wenzake, na mzee akaja kujua. Unajua ilikuwaje baada ya hapo? Barua hazikukoma, ziliendelea kuja vizuri tu. Lakini zikawa mistari mitatu. Mimi mzima, salamu kwa mama, nitakuja Mungu akipenda. Ilichukua miaka ndo akaniambia tena kitu cha ndani, na aliyemkosea ata sio mimi.

Huyo binti wako akifungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yake, mashine yako iko pale imeandikwa na siku iliyotumika. Siku yoyote angeweza kuiona. Na ukilogauti bado kuna mambo unayajua ambayo hukuambiwa, iko siku utateleza umuulize mdogo wake amelipiwa ada, atajiuliza huyu ameambiwa na nani. Utaishi miaka miwili unajichunga mdomo kama mwizi kwenye msiba. Mwambie.

Lakini usimwambie vibaya. Dubai iko mbele yetu saa moja tu, kwa hiyo hapo hauna kisingizio cha masaa. Kama anatoka shifti saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, mpaka gari la kampuni liwarudishe, aoge, ale, alale, usimguse kabla ya alasiri. Na isiwe siku ya kazi, ngoja siku yake ya ofu, mtu asiende kusimama masaa 12 na moyo umepasuka. Mtumie voisi, usimpigie. Kwenye chumba cha watu wanane mtu hana pa kulilia, voisi ataisikiliza na iyafoni amegeukia ukuta, ataisimamisha akitaka, na hatalazimika kukujibu hapo hapo. Voisi iwe fupi. Anza na miguu, mwambie uliponitumia miguu nilitakiwa kukwambia pole nikakuuliza swali la kijinga. Alafu mwambie niliunganisha simu yako na kompyuta yangu kabla hujaondoka, nimesoma, nimeshatoa, hakuna mtu mwingine aliyesoma. Basi. Usiongeze "ni kwa sababu nakupenda sana", hiyo naomba uimeze, maana ukiisema unamgeuzia yeye mzigo kwamba upendo wake ndo umekufanya mwizi. Na usimuulize umenisamehe? Nyamaza.

Anaweza kukuacha. Sikufichi. Ana haki, na kama akikuacha usimpeleke kwenye stetasi.

Akibaki, sasa ndo tujibu lile swali lako la miezi mitano. Inashika, nimeona zikishika, na nimeona ndoa za miaka kumi na watoto wanne zikivunjika kwa safari ya Juba ya wiki tatu, kwa hiyo miezi sio kipimo. Shida ya penzi la miezi mitano ni kwamba halina akiba. Hamjawahi kuuguzana, hamjawahi kugombana mkapatana juu ya kitu cha maana, mna kioo cha simu na gonja mbili. Sasa ukichukua hako kaakiba kadogo ukakatumia kwa maswali kila siku, uko wapi, uko na nani, mbona onlaini, inaisha mwezi wa pili. Hiyo ni paredi. Na yeye paredi anayo tayari, ana supavaiza anayempitia usiku kuangalia kama amekaa chini. Hahitaji wa pili wa Busia.

Wewe uliyebaki ndo uko na nyumbani. Mpe nyumbani. Mtumie voisi ya mvua inavyopiga mabati ya pale kwako, mtumie makonda wanavyogombania abiria wa Mbale, mwambie leo kuna mama ameleta simu imeanguka kwenye sufuria ya maharage na ameileta na maharage yake. Wewe unakaa kwenye mji uliozaa bodaboda, mpakani, malori yamepanga foleni, pesa za nchi mbili zinapita mezani kwako, alafu unamuandikia mtu "poa, wewe?" Eh banange. Tuma bila kutaka jibu. Atasikiliza kwenye basi la kampuni akicheka peke yake, na saa tisa usiku ukimuona onlaini pengine ndo anairudia. Mtu wa shifti ya usiku anashika simu asisinzie, hiyo tu.

Simu ya sauti moja kwa wiki inatosha, siku yake ya ofu, Botim hiyo hiyo, ikikata ikatike mrudi kesho. Na nisikusikie unamwambia aweke VPN ili WhatsApp ipigike. Sisi huku tangu wafunge Facebook Januari 2021 VPN tunaiona kama chumvi ya kawaida, ila huko kwa Emirati sheria yao inaweza kumuingiza matatani na faini zake sio za kuchanga kwenye grupu.

Kama lazima umuulize uko wapi, muulize pasipoti yako iko wapi. Hilo nakuruhusu. Kwa sheria ya kule mwajiri hatakiwi kukaa nayo, na watu wetu wengi hawajui. Hakikisha pia ana namba ya ubalozi wetu wa Abu Dhabi, na mama yake anayo.

Kitu kingine, wekeni tarehe. Miaka miwili ikiwa haina kituo katikati ni jangwa. Akimaliza mwaka sheria ya kule inampa likizo ya siku 30, muulize anafikiria kuja au kuitunza, na ukisikia anasema atatumia hiyo pesa ya safari kwa ada ya mdogo wake usinune, umeshajua ni kweli. Lakini usikimbilie kutuma wazee kwao sasa hivi kwa kuogopa ataponyoka. Mwanamke hafungwi kamba akiwa kilomita elfu kadhaa, na hata akiwa hapa Busia hafungwi.

Hao marafiki zako wanaosema wasichana wamejaa, kweli wamejaa, na Dubai wanaume wamejaa. Hiyo mtu anakwambia kama habari mpya?

Mwisho kile kioo cha simu ya mama yake. Najua ulipokisoma mkono ulikuwasha, fundi gani anasikia kioo kimekufa nusu akatulia, na najua ungependa kesho ubebe bisibisi zako uende Malaba ukitengeneze bure uonekane mkwe mwema. Usiende. Hicho kioo hujaambiwa na mtu. Mwambie binti kwanza yale ya kompyuta, na akishamaliza kukasirika, hata ikichukua mwezi, muombe ruhusa. Akisema nenda, nenda na kioo orijino, sio vile vya kopi mnavyotuuzia.